Gari Ulilolilainisha kwa Ajili ya Mama

Baba Neema wangu,

Asubuhi hii ukungu umelala chini hapa Tunduma. Malori ya kuvuka mpaka hayaonekani, yanasikika tu yakinguruma kwenye foleni. Nimekaa kwenye cherehani lakini sishoni. Nakuona umelala chali chini ya gari, miguu tu iko nje, na sauti yako inatoka huko chini kama ya mtu anayeongea ndotoni: "Mama Neema, hebu nipe spana ile kubwa."

Unakumbuka ilivyoanza? Mama yako alianguka shambani kule kwenu, milimani juu ya Itumba, akaumia mgongo. Tukamleta akae nasi. Alikula, alisali, alizoeana na majirani, ila kila jioni alikaa kibarazani akiangalia upande wa Ileje, kwao. Siku tuliyojaribu kumpeleka nyumbani kwa ile pikapu yako kuukuu ya milango minne, tulipoacha lami tu akaanza kulia kimya kimya. Springi za nyuma zilikuwa za mabamba, zimepangwa kwa ajili ya magunia ya mahindi, ngumu kama ubao. Kila shimo lilimfikia mgongoni. Ikabidi tugeuze njiani.

"Mwanangu," alikuambia, "hili gari linanipiga. Niacheni nifie huko huko mjini."

Tulipofika nyumbani ulibaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani, na mimi sikuthubutu kukuita uje ule.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, ulikuja kwenye meza yangu ya ushonaji. Vibiringo vya uzi uliokwisha ukavifanya magurudumu, sindano zangu za kufumia ukazifanya vyuma. "Natoa springi zote za nyuma," ulisema. "Ekseli itashikwa na mikono minne ya chuma inayotoka kwenye chesisi, miwili chini, miwili juu. Uzito utakaa kwenye springi za koili, zile za kuviringika. Gurudumu likipanda jiwe, lipande lenyewe. Mama huku juu asijue." Ukaliinua gurudumu la uzi kwa kidole, likapanda, likashuka polepole. Tulicheza na kile kigari hadi chai ikapoa, jua la mchana likiwa limetanda kwenye vitambaa, na mimi nikajiona kama nimeshapanda, naelea juu ya vilima vyenu.

Koili tulizipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka pale, kwa yule mzee wa vyuma chakavu aliyezibonyeza kwa goti akacheka, akikuita bwana kwa lugha ya kwao: "Laini hizi, mukwai, utalala humu!" Ukakata mabomba, ukachomelea, ukaweka bushi za mpira kila ncha ili mikono icheze bila kelele. Siku ya kujaribu tulikwenda kwenye uwanja wa wazi upande wa Mpemba. Gari lilikuwa laini kweli. Lakini ulipokata kona, nyuma ilihama pembeni, ikatikisa mkia kama ng'ombe anayefukuza nzi. Ulishuka uso umekupauka.

"Ningempakia mama humu, ningemuua."

Mikono yote minne ulikuwa umeinyoosha sambamba, mbele kwenda nyuma, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuizuia ekseli isiende kando. Hayo uliniambia baadaye. Kwa siku kadhaa hukuligusa gari. Jioni moja nilikuwa namfunga mtoto wa jirani mgongoni, nikakuita. "Ona," nilikuambia. "Mbeleko ingeshuka wima, mtoto angeyumba. Inatoka pande mbili, inakutana katikati. Kwa nini ile mikono miwili ya juu isikae hivi?"

Ulinitazama muda mrefu, kama siku ile uliyonitazama kwetu Iyula kabla hujajua jina langu. Kisha ukachukua mkasi wangu wa vitambaa, ukakatia maboksi kutengeneza vielelezo. Mkasi ule haukukata tena sawasawa. Mikono ya juu ikatanuka kwenye chesisi, ikakutana karibu na difu, katikati ya ekseli, na mkia ukatulia.

Tulimlaza mama kwenye kiti cha nyuma na mito. Tuliacha lami. Nilisubiri kilio, sikukisikia. Vilima vilikuja na kupita, mawingu yakiwa yamekaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na magurudumu yalipanda na kushuka yenyewe huko nyuma. Nilipogeuka, mama alikuwa amelala, mdomo wazi. Ulinigusa goti, ukaninong'oneza, "Usimwamshe." Ulikuwa unalia, Baba Neema. Aliamka mlangoni kwake. "Ndaga," alikushukuru, "ndaga, mwanangu."

Sikujua kwamba nawe ungepita njia ile ile. Ulipougua hukuchukua muda. Ndugu zako walitaka kukodi gari kubwa la kukusafirisha, nikakataa. Tulikulaza kwenye pikapu yako, mama akakaa karibu yako, mkono juu ya jeneza. Ananiambia hadi leo kwamba njia nzima gari halikugonga hata mara moja.

Gari sasa naliendesha mwenyewe. Juzi nilimpeleka mama kuona maharage yake, nikakwama kwenye mlima, gia zikalia kama mbuzi.

"Mume wako angekufokea," mama akasema.

"Asingenifokea, mama. Angenyamaza, halafu angeshuka atembee kwa miguu."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka, akishika mgongo wake kwa mkono mmoja. Nami nikacheka. Gari limezima katikati ya njia, wenye pikipiki wanatupigia honi, na sisi tunafuta machozi kwa kanga moja. Sikujua kama bado ninaweza kucheka. Nimeona wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Pumzika, mpenzi. Ukungu unapanda, mteja anabisha hodi.

Mkeo,
Mama Neema