Yohana Asije Kushika Kijiko cha Matairi

Uvinza, Jumapili

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Mimi mgongo unauma, lakini nipo. Wewe je, miguu bado inavimba? Mama mkwe najua yuko hapo kukuangalia, mpe shikamoo yangu.

Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa lori anayerudi Tabora. Mtandao huku ni wa kubahatisha, na jambo hili ukilisikia nusunusu utaninunia bure.

Mdogo wako Yohana asije. Najua fomani alikubali kwamba Yohana akinishikia mashine, mimi nije nyumbani mpaka ujifungue. Najua na begi ameshafunga. Nilifurahi kuliko wewe. Lakini kile kijiko kidogo cha cheni nilichokuwa naendesha kuzolea udongo kimehamishiwa kambi nyingine, nimeachiwa cha matairi.

Usidhani vyote ni vilevile. Cha cheni kinalala chini, shimo dogo kinapita juu yake, ingawa penye mawe kinakutikisa mpaka meno. Cha matairi ni kifupi, na huku tunasawazisha vichuguu ambavyo ndani ni vitupu. Tairi moja likizama na baketi ya mbele imejaa udongo, nyuma kunanyanyuka. Juzi kilininyanyua nikiwa nakata mteremko. Nikashusha baketi upesi, kikarudi. Mkanda ndio ulionishika. Niliogopa, mke wangu, sikufichi. Hata mkanda sijafungua, fomani akaja: "Si kimerudi? Endelea na kazi."

Yohana anajua kazi, simdharau. Ila amejifunzia kwenye sakafu ya mashine ya mpunga pale Nzega, na anapenda kukimbia baketi ikiwa juu. Kule haina shida. Hapa ataanguka, na mimi nitakuwa nyumbani nakumalizia uji wako wa uzazi. Mama yenu nitamtazamaje usoni?

Nimeomba mtu mwingine, fomani anasema hana. Nikiondoka bila mtu, kazi imekwisha, na wewe unaijua hali yetu. Nimechoka, Mama Neema. Nilishaanza kujiona nashuka stendi.

Nisalimie dada yangu muuza asali wa Ipuli, na mzee wa kanisa jirani yetu. Neema mwambie baba anamkumbuka.

Yohana akikasirika, mwache anikasirikie. Siku ya uchungu akupeleke yeye hospitali, akae pale nje nilipotakiwa kukaa mimi. Na mtoto akizaliwa, msinisubiri kumpa jina. Mpe wewe.

Mumeo,
Baba Neema