Masaa Kumi na Moja Hewani, Nitayaweza?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na uniwie radhi kwa mwandiko, mikono imechoka, mimi ni msusi, nina saluni ya viti viwili nyuma ya stendi, binti yangu wa pekee ameolewa mbali, mbali hasa, mkwe wangu anasema ni kilometa elfu tisa kutoka uwanja wa hapa hadi wa kwao, masaa kumi na moja hewani bila kushuka, na mwanangu yuko karibu kabisa kujifungua, mimba ya kwanza iliharibika akiwa peke yake na mimi huku nalia na simu, nikaapa ya pili nitakuwepo, sasa tiketi ya Jumatano imekuja na mimi sijawahi kupanda hata ghorofa ya tatu bila kushika ukuta, dada yangu mkubwa anasema kule juu masikio yanaziba, miguu inavimba, nitashushwa kwa machela, eti nimwambie mkwe aahirishe, usingizi sina, nikifumba macho naona mawingu, tiketi imeandikwa 06:00, yaani saa sita mchana, kwa hiyo asubuhi hiyo nitafungua saluni angalau nimalize kichwa cha bibi harusi mmoja, lakini je, niende au niahirishe? Namba yangu ya simu iko hapo chini. Naomba usinicheke.

Msusi Mwoga

Msusi Mwoga,

Nimekucheka, nisamehe. Halafu nikafika kwenye mstari wa tiketi, kicheko kikakauka. Saa sita ya nani, mama? Tiketi za ndege hazihesabu saa kama sisi. Hiyo 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi! Ungefika uwanjani na vitana mkononi, ndege imeshakuacha zamani. Barua nimeipata Jumatatu, gazeti linatoka Jumamosi, ndiyo maana nikakupigia papo hapo. Ulivyopiga ukelele, nusura niangushe simu.

"Mungu wangu! Na bibi harusi wangu je?"

"Msuke kesho!" nikakwambia.

Kwa hofu yako pia nilikusema, na leo narudia mbele ya wasomaji kwa ruhusa yako. Mtu anayesuka rasta kutwa nzima kasimama, anashindwaje kukaa masaa kumi na moja akiletewa chakula na mto? Masikio yakiziba, tafuna peremende umeze mate. Miguu isivimbe, inuka utembee. Dada yako mkubwa namheshimu, lakini hebu muulize, yeye alipanda ndege gani?

Nawe ukaenda! Hongera, mama, hongera tena! Ulipotua ukanitumia sauti: "Mshauri, nimefika, na miguu ni ile ile!" Alhamisi binti yako alipoingizwa chumba cha kujifungulia, uliingia naye, ukamshika mkono mpaka mtoto akalia. Wa kike, mzima, ana sauti ya mpiga debe. Nimelia hapa ofisini mbele ya mhariri, na sioni aibu.

Sasa nisikilize. Ole wako uanze kuulizia safari ya kurudi, kisa saluni. Mwogeshe mjukuu, mwache mwanao alale, na wewe ule ushibe. Wateja watasubiri. Asiyeweza kusubiri, anyoe.