Swali la Mama Rehema

Nkuhungu, Jumapili

Mchezo wa kuigiza wa Jumapili kwenye televisheni ndio ninaoupenda kuliko yote. Tangu televisheni ziruhusiwe nchini na jirani yangu Mama Rehema apate ya kwake, kanda zangu za dansi zimejaa vumbi, na kitabu nilichoazima maktaba sijui nilikiachia wapi. Kila Jumapili jioni wanawake wa mtaa tunajazana sebuleni kwake, mikeka hadi mlangoni, tukila karanga anazotukaangia.

Leo mume wa kwenye mchezo kaaga kwamba anasafiri kikazi, kumbe yuko kwa mwanamke mwingine mji ule ule. Mama Rehema alicheka kuliko wote. "Mjinga huyu mke, hata nguo kampigia pasi."

Mimi sikucheka. Juzi nilipeleka jiko Kizota, hapa hapa mjini, likachomelewe, nikamwona Baba Rehema amebeba mtoto begani, mtoto anamwita baba. Nilimsalimia, akageuza uso. Na sisi tunaambiwa yuko Dar es Salaam kikazi mpaka mwisho wa mwezi.

Nikisema, nimevunja nyumba ya mtu. Nikinyamaza, karanga zake nitazila kwa mdomo gani?

Mchezo ulipokaribia kwisha Mama Rehema akaniita. "Mama Tumaini, leo umekuwa bubu. Ungekuwa jirani yake yule mke, ungemwambia?"

"Ngoja kwanza tuone wiki ijayo," nikajibu. Wenzangu wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Alipouliza, macho yake hayakuwa kwenye televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.