Sekunde Nne Ulizozipigia Makofi

Nyumbani kwa mama,
chumba cha nyuma.
Jumanne, tarehe 10.

Mpendwa kaka,

Jumamosi tarehe 7, saa nne na robo asubuhi, niliupoteza msumeno wa mnyororo. Haukuibwa. Ulinitoka mikononi kwa simu yako ya dakika mbili: "Mpe shemeji, yeye ana cheti."

Shikamoo. Nisamehe, hasira imetangulia adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi wazima, mama anakula vizuri na goti limepungua uvimbe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Msumeno ni wako, sikatai. Lakini meno yake nimeyanoa mimi miaka tisa. Nimeangusha miti 212 bila mwalimu, nikijifunza kwa kukagua visiki vya wenzangu, na vidole vyote kumi bado ninavyo. Mume wa mdogo wetu amesomea ukataji miti siku mbili. Siku hizi namwita Bwana Cheti. Mama ananicheka: "Wewe mtoto, unanguruma kuliko huo msumeno!"

Sasa nikuambie aibu yangu. Jumamosi hiyohiyo aliangusha mti wake wa kwanza; alipoondoka, nilikwenda kwenye kisiki chake na rula, nikiomba nikute kosa. Unaijua bawaba, ule ukanda usiokatwa kati ya mdomo wa mbele na mkato wa nyuma, unaoushika mti uanguke unakotakiwa. Shina la sentimita arobaini linataka bawaba ya nne. Nikapima mara tatu. Nne kamili! Kaka, chai ya jioni haikushuka.

Tena ulipoiona ile video aliyokutumia ya mti huo ukianguka, ukamwambia kwa simu, mama na mimi tukisikia, "Huyu ndiye fundi sasa." Miaka tisa hujawahi kuniita fundi. Mimi unaniita "yule mbishi".

Video hiyo nimeitazama mara kumi na moja, kwa kijicho, sikufichi. Itazame tena nawe, ila usiuangalie mti. Mwangalie yeye. Sekunde ya kumi na tisa mti unaanza kulia, nyuzi zikikatika. Hapo mkataji anaondoka kwa njia aliyoifyeka mapema, nyuma kwa mshazari, hatua sita au zaidi. Yeye kasimama palepale ubavuni mwa kisiki, kofia ngumu kaivua, anaipungia kamera! Sekunde ya ishirini na mbili, tawi kavu la mti wa jirani linadondoka nyuma yake, hatua moja na nusu. Ya ishirini na tatu, mti unafika chini. Watu wanashangilia, mimi nimenuna, na hakuna aliyeliona lile tawi.

Sekunde nne hizo ndizo ulizozipigia makofi.

Nilipomweleza, alicheka: "Shemeji, huo ni wivu tu." Ni wivu kweli. Lakini na tawi nalo ni kweli.

Jumamosi tarehe 28 tunauangusha ule mti mkubwa ulioinamia upande wa chumba cha mama. Sentimita sabini na mbili. Unataka kamba, kabari na watu wawili: mmoja akate, mwingine aangalie juu na kupiga filimbi. Mama nitampeleka kwa shangazi siku hiyo. Bwana Cheti ameshajitangaza kuwa mkataji, na amemwomba mkewe ashike simu, akurekodie.

Nisalimie wifi na wanao wawili, na binamu yetu fundi viatu. Mwambie buti zangu bado hazivuji. Mungu awalinde nyote, na akujalie wewe jicho la kutazama pembeni.

Sitaki uniambie "mtaelewana wenyewe". Nani anashika msumeno, mimi au yeye? Ukisema yeye, nitasimama na filimbi, wala sitanuna zaidi ya kawaida yangu. Lakini umwambie kwa mdomo wako kwamba video huitaki. Nipigie kabla ya saa sita mchana, Alhamisi tarehe 26.

Dada yako akupendaye, hata mwezi huu,
Yule Mbishi