Mjumbe wa Kariakoo Aliyesema Hatujambo

Mpendwa mshauri Bi Thuraya, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijauhama mji huu. Mimi ni muuza ng'onda, samaki wa kukausha, sokoni Kariakoo, na mwaka jana Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alitangaza kwamba kila mtaa utoe mtu mmoja wa kukaa katika kamati ya kupanga fedha za mji, basi watu wa mtaa wetu wakanichagua mimi kwa sababu nina kanzu safi na sauti kubwa, wakaniagiza jambo moja tu, mtaro, maana masika yakija maji ya vyoo huingia mpaka chini ya vitanda. Nikaenda, nikakalishwa baina ya Mzungu mmoja na Mhindi mmoja wenye makaratasi, na zamu yangu ilipofika mwenyekiti akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Haya, Mrisho, hali ya Kariakoo?" nami kama mtu aliyelelewa nikajibu, "Njema, bwana, hatujambo sote, twamshukuru Mungu," nikangoja aniulize habari za nyumbani, halafu za kazi, ndipo niutaje mtaro, lakini karani alikwishaandika na mwenyekiti akageukia watu wa Uzunguni, na wao hawakuanza na njema, walianza na miti ya kivuli, wakapewa. Masika yakaja yakatukuta vilevile. Mke wangu Sitara amehamia kwa kaka yake Magomeni, anasema harudi mpaka mtaro uchimbwe, na jirani yangu Ghanim mwenye duka la unga, ambaye magunia yake yameota ukungu, kila akiniona hupaza sauti, "Bwana Hatujambo huyoo!" Kamati inakaa tena mwezi ujao kugawa fedha za mwaka mwingine, nami naona haya hata kupita mlangoni pao. Je, nijiuzulu?

Mrisho bin Safari, Kariakoo

Marahaba, Bwana Mrisho. Nimeicheka barua yako mpaka chai ikanimwagikia, kisha nikasikitika, maana kulala juu ya maji ya choo si mzaha. Lakini na wewe! Najua, pwani hii hata aliyevunjika mguu husema hajambo kwanza, sote tumelelewa hivyo. Ila anayekujulia hali barazani kwako ana jioni nzima ya kukaa, na mwenyekiti wa kamati ana karatasi ndefu na njaa ya mchana. Ungesema "Njema, ila mtaro," usingekosa adabu, na mkeo angekuwa nyumbani.

Usijiuzulu. Haya zako hazichimbi mtaro. Wiki hii hii nenda kwa jumbe wako, mkubwa wa mtaa, umwombe aitishe mkutano wa mtaa. Utazomewa, vumilia, umestahili. Wakishachoka, andikeni barua: nyumba zipi ziliingia maji, na mtaro uanzie wapi uishie wapi. Ghanim ndiye aandike, maana mwenye nguvu za kupiga kelele hakosi za kushika kalamu. Kila mtu atie sahihi au dole gumba, na wanawake pia, kwani ndio wanaoyachota hayo maji kwa bakuli. Barua imfikie karani kabla ya siku ya kikao, kwa sababu fedha zikishagawiwa, hata ulie machozi ya damu utaambiwa ngoja mwakani. Muulize karani vilevile kama wakazi wanaruhusiwa kukaa nyuma wasikilize. Wakiruhusiwa, lijaze benchi. Ni tabu kumruka mtu ambaye majirani zake kumi wanakukodolea macho.

Ukiulizwa hali, taja mtaro, kisha nyamaza. Wakisema fedha hazitoshi, waulize kati ya kukosa kivuli na kulala na maji ya choo kipi kinaua haraka.

Na barua hiyo, kabla mtu yeyote hajaitia sahihi, nenda nayo Magomeni umsomee Sitara, aweke dole lake la kwanza kabisa. Ukijiuzulu, kiti chako hakitakaa bure: wale wenye makaratasi watakiwekea kofia zao, na mvua itanyesha palepale.