Mama, Shamba Lako la Mwani Limepata Mtu

Mama yangu,

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipolala. Nina jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Shamba lako la mwani, lile la kando ya mkondo, sinalo tena. Analo mwanamke wa bara, na mimi ndiye niliyesababisha. Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Tangu uondoke, asubuhi zangu zimekuwa kama ndoto isiyokatika. Nikishasali alfajiri, usingizi hunipitia kidogo mkekani, nikakuona unatembea majini, kanga umeikaza kiunoni. Maji yametulia, meupe kama tui, na mbingu imo ndani yake. Nakuita, hugeuki. Nikiamka nashuka pwani, nakuta maji yamekupwa vilevile na weupe ni uleule. Ni wewe tu usiyekuwepo. Siku nyingine nasimama pale hadi miguu inakufa ganzi, sijui kama nimeamka au bado.

Basi, baada ya arobaini yako, alikuja kisiwani hapa Chole mwanamke anaitwa Neema. Mumewe ni fundi, anajenga madarasa. Wametoka Mwanza, ni Wakristo, wamepanga chumba nyuma ya shule. Kila amwonaye anamwamkia shikamoo, hata vibinti vya juzi, kwa woga wa kukosea. Akaja kwenye kikundi chetu cha wakulima wa mwani kuomba sehemu ya kupanda.

Tulikaa barazani kwa Bi Zainabu, mwenyekiti wetu. Bi Hadija ndiye aliyeanza. "Sote Watanzania, sikatai. Lakini pwani hii ni yetu. Leo mmoja, kesho kumi, wanetu watapanda wapi?" Wengi wakaitikia. Nisimsingizie, Mama, hofu yake ni ya kweli. Ufuo umepungua tangu enzi zako, na kila anayekuja anakuja na uzio wake.

Mimi nilinyamaza. Mimi Shirini, binti wa duka la Kilindoni, nilitazama vidole vya miguu yangu nikanyamaza, maana niliogopa nikifungua mdomo wataniuliza: na wewe je? Neema akaondoka. Nilisikia kandambili zake zikienda mpaka zikapotea.

Siku ya tatu nikamkuta pwani peke yake. Ameketi mchangani na kipande cha kamba kuukuu, anafunga mafundo, anafungua, anafunga tena. Hana mwani hata shina moja. Kumbe siku zote hizo alikuwa akitazama mikono yangu kwa mbali na kujifunza. "Kwetu ziwani nilikuwa naanika dagaa, dada," aliniambia. "Mikono hii imezoea maji. Ikikaa bure inaniuma."

Sikulala vizuri, Mama. Nilikumbuka yale uliyokuwa ukinisimulia unapofurahi, jinsi mama yangu mzazi alivyoshikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka, nami nalia ukasikia ng'ambo ya ukuta wa duka, enzi hizo ukiishi Kilindoni. Ulikuwa na Mwanahawa kifuani. Ukaja, ukamweka yeye titi la kulia na mimi la kushoto. Baba alipokuuliza akupe nini kwa wema huo, ukamwambia, "Mtoto akilia huulizwi kabila lake." Na ulipougua, nikafunga duka nikavuka kuja huku Chole kukuuguza, ukanipa kamba zako na shamba lako, kisha ukanipa mgongo na kwenda zako.

Kikao cha pili nikasimama. Nikasema Neema anaishi hapa, anateka maji tunapoteka, apewe sehemu. Bi Hadija akanigeukia. "Wee Shirini, wewe mwenyewe umekuja na boti. Mhindi atufundishe uenyeji?"

Lile neno nilikuwa nimelikimbia maisha yangu yote, na lilipofika halikuniua. Kabla sijajibu, Mwanahawa akainuka, unamjua mwanao akipandisha hasira. "Huyu kanyonya ziwa nililonyonya mimi! Mwenye neno akamalizane na mama yangu kaburini!"

Watu wakainama. Ningeweza kukaa hapo, nimeshinda. Lakini nikamshika mkono. Nikasema, "Ahsante, dada. Mimi maziwa yaliniingiza. Neema hana aliyemnyonyesha hapa. Sasa haki gani hii, inayotaka mtu mzima akatafute ziwa kwanza?"

Wakacheka. Hata Bi Hadija alificha mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Bi Zainabu akaona mlango umefunguka, akaamua: tugawane mashamba yote upya kwa kura, ya karibu na ya mbali, wenyeji na wageni sawasawa, na asiyelima mwenyewe asipate. Wakabishana mpaka adhuhuri, wakakubali. Majina yakatiwa kwenye kawa ya kufunikia chakula, akayatoa mwenyewe amefumba macho.

Kando ya mkondo: Neema.

Mimi nilipata kule nyuma ya mikoko, tope hadi magotini.

Sikufurahi, Mama. Wasikudanganye. Nilirudi nyumbani nikalia kwa uchungu, na kwa dakika kadhaa nilitamani niyameze maneno yangu. Nilikuwa nimekupoteza, na sasa nimepoteza mahali nilipokuona kila asubuhi. Neema alikuja mlangoni, akaniuliza kama aving'oe vigingi vyako vya kufungia kamba aniletee. Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia aviache, nikaenda kumwonyesha kile kinacholegea maji ya bamvua yakija makubwa.

Bi Hadija bado anamwitikia marahaba kwa nusu mdomo. Lakini wiki iliyopita Neema alikuwa akiingia majini kwa hatua ndefu, hajui kwamba samaki taa, mwenye mwiba wa sumu, hujifukia mchangani. Bi Hadija akamwona toka mbali, akapiga ukelele: "Buruza miguu, we mwanamke, utachomwa!" Neema akaburuza. Wakaenda hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, maji yakiwafunika vivuli, mpaka sikuweza tena kutofautisha nani ni nani.

Sasa nakuona mara chache. Kule kwenye tope hakuna mbingu majini, kuna kaa tu na harufu ya mizizi. Lakini mwani umeshika.

Lala salama, Mama. Mungu akupanulie kaburi lako, akujaalie nuru. Nami nakuahidi neno moja: siku nyingine mtu akikataliwa mbele yangu, sitangoja kikao cha pili.

Mwanao,
Shirini