Majani ya Miforosadi ya Hosiyat

Mdogo wangu Elyor,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, umeshiba, na unalala kitandani kama watu, si juu ya meza ya maabara. Kikohozi kimekwisha? Huku hatujambo. Goti la Mama bado linamsumbua na bado hataki kukaa. Anasema ukija bila kunenepa atakurudisha Tashkent na basi lilelile.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nimempa Davron, mtoto wa shangazi, akuwekee mkononi pamoja na mfuko mdogo. Mfuko usiufungue kwanza. Isome barua yote kabla ya Ijumaa, kabla hujatia saini mkataba na kiwanda cha hariri.

Tangu uwaonyeshe wale wakubwa wa kiwanda vifuko vya hariri vilivyotoka kwenye chumba changu, mtaani naitwa "profesa". Hosiyat, yule mjane wa ng'ambo ya mfereji, aliniuliza mbele za watu kama ni kweli mwakani hatutapanda tena juu ya miforosadi kuwakatia viwavi wa hariri matawi, tutakanda tu ule unga wako wa maabara kama wa mkate, tuwawekee, basi. Nikamjibu ndiyo. Akakuombea dua ndefu, maana mgongo wake umebeba matawi miaka thelathini.

Jumatatu Tursunali, msimamizi wa mashamba, alikuja na watu wenye misumeno. Alisema chuo kikuu kimeshathibitisha, kiwanda kimekubali, familia mia mbili zitapewa unga, sasa miforosadi ya mferejini ya nini? Inakunywa maji ya mashamba ya pamba tu. Nikamwomba asubiri angalau mkataba. Akacheka, akasema, "Dada Sanobar, ushahidi wetu ni wewe mwenyewe, leo unatutia woga?" Kwa siku mbili waliangusha safu yote ya juu. Kila mti ulipoanguka nilisikia jikoni.

Elyor, kaa chini.

Unga wako ulifanya kazi mpaka viwavi walipolala usingizi wa nne wa kujivua ngozi. Hilo ni kweli tupu, naweza kuliapia. Walikula vizuri, wakanenepa, hakufa hata mmoja kwa ugonjwa. Lakini walipoamka usingizi wa nne, wakati ule ambao kiwavi hula kuliko umri wake wote, waliukataa. Unajua kelele ya chumba cha viwavi wanaokula, hata mazungumzo huyasikii. Nilifungua mlango nikakuta kimya. Wameinua vichwa, wanatafuta. Siku ya kwanza nilijiambia watazoea. Siku ya pili ukapiga simu ukaniambia majira haya yakiharibika chuo kitampa mtu mwingine maabara yako, na watu wa kiwanda watafika baada ya wiki mbili. Uliniuliza wanakulaje. Nikakuambia wanakula mpaka raha.

Kesho yake alfajiri nilivuka mfereji na kisu. Nilikata majani ya Hosiyat siku tisa mfululizo, nikafunika kwa shuka, nikawalisha. Hosiyat alipoona matawi yamekatwa aliwalaani mbuzi wa jirani yetu Komil. Mimi nikamsaidia kuwalaani.

Niliogopa kwa ajili yako, na nilitaka pia watu waache kunionea huruma kwamba nilikosa shule ili wewe usome. Vyote viwili. Nisamehe.

Leo asubuhi misumeno ilifika kwenye miti ya Hosiyat. Mwenyewe alikuwa amewachemshia mafundi chai na kuwakatia mkate, anawashukuru! Nilishindwa. Nilitoka na aproni yangu nikasimama kati ya msumeno na mti, nikapiga kelele kwamba viwavi wangu walikula majani, majani ya miti hii hii, na mwizi ni mimi. Tursunali aliniuliza polepole kama najua ninachomfanyia ndugu yangu. Nikasema najua. Akazima msumeno, akaenda pembeni kupiga simu. Hosiyat alinitazama akasema, "Mwizi we! Na mimi nimewapiga mawe mbuzi wa watu!" Kisha akaondoa birika, mafundi wakabaki na vikombe vitupu. Miti yake ipo. Ya wenzake wa juu haipo tena.

Kwa hiyo mtaa umejua kabla yako, na pengine kiwanda kimejua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa fungua mfuko. Kulikuwa na trei moja ambayo sikuigusa. Niliiacha na unga wako mpaka mwisho, sijui kwa nini, labda nilitaka hata mimi nijue ukweli. Ilikuwa na viwavi mia mbili na kumi na moja. Waliosokota vifuko ni tisa tu, ndivyo hivyo mfukoni. Vibonyeze uone vilivyo laini, hariri haitoshi. Andika hivyo, na uandike pia kwamba kabla ya usingizi wa nne unga ulitosha, maana hata nusu ya kazi ingempumzisha Hosiyat.

Mama anakusalimu na anakutumia zabibu kavu. Komil anakusalimu. Hosiyat hakuniambia nikusalimie.

Ijumaa nenda, usijifiche. Vile vizuri ulivyowaonyesha vilikuwa vya Hosiyat. Vyako ni hivi tisa.

Dada yako,
Sanobar